Kutoka Uvira kwenda iniversite: mambo ya kujua kabla mtoto hajaenda kusoma katika mji mkubwa

Matokeo ya egzamini ya serikali yakitoka, furaha inajaa katika mitaa ya Uvira, tangu Kavimvira mpaka Kalundu, na katika bonde la Ruzizi, kule Kiliba, Sange na Luvungi. Vijana wanajipaka unga mweupe, wanaimba barabarani. Lakini wiki moja baadaye swali gumu linaingia nyumbani: mtoto amepata diploma, sasa aende kusoma wapi, na nani atalipa?

Swali hilo halina jibu moja. Kuko familia zinazouza shamba, ng'ombe au mtumbwi ili mtoto mmoja asome, na wadogo zake wanangojea. Kuko watoto waliotumwa mbali, wakarudi nyumbani katikati ya mwaka juu ya kukosa feza. Na kuko waliofika mpaka mwisho. Tofauti mara nyingi haikuwa akili ya mtoto. Ilikuwa ni hesabu iliyofanywa, au isiyofanywa, kabla ya safari.

Vyuo vikuu vya Kongo vilitoka wapi

Chuo kikuu cha kwanza katika inchi, Lovanium, kilianza mwaka 1954 katika mji ulioitwa Léopoldville, leo Kinshasa. Baada yake kikaja chuo cha serikali ya kikoloni kule Élisabethville, leo Lubumbashi, na mwaka 1963 Waprotestanti wakafungua chuo chao Stanleyville, leo Kisangani. Mwaka 1971 utawala wa Mobutu ulivichanganya vyote vitatu kuwa kimoja tu: Université Nationale du Zaïre, yaani UNAZA. Miaka kumi baadaye, mwaka 1981, UNAZA ikagawanywa. Hapo ndipo yalipotoka majina tunayoyajua leo: UNIKIN ya Kinshasa, UNILU ya Lubumbashi na UNIKIS ya Kisangani.

Wazee waliosoma wakati wa UNAZA wanakumbuka burse. Serikali ilikuwa inampa mwanafunzi feza, kitanda na chakula, na mtoto wa mvuvi wa Kalundu aliweza kusoma Kisangani bila baba yake kuuza nyavu. Mpango huo ulidhoofika pole pole, na miaka ya 1990 ukaanguka pamoja na uchumi wa inchi. Walimu wakakosa mishahara, migomo ikawa mingi, masomo yakasimama mara kwa mara. Ndipo watu wakazoea kusema «mwaka mweupe», mwaka uliopotea bure, na «mwaka wa kuvutika», ule usiojua kuisha. Tangu hapo mzigo wa iniversite umekaa juu ya mabega ya mzazi.

Kwa watu wa Kivu ya Kusini, jambo lingine kubwa lilikuja wakati huo huo. Zamani Bukavu ilikuwa na shule za juu kama ISP, lakini mwenye kutaka iniversite kamili alipaswa kwenda mbali. Mwaka 1989 ikaundwa Université Catholique de Bukavu (UCB), mwaka 1991 Université Évangélique en Afrique (UEA) kule Panzi, na mwaka 1993 tawi la chuo cha Kisangani lililokuja kujitegemea mwaka 2004 kwa jina la Université Officielle de Bukavu (UOB). Toka wakati huo, kwa kijana wa Uvira, «kwenda iniversite» kukawa mara nyingi kupanda Bukavu.

Njia nne

Njia ya kwanza ni kubaki. Uvira yenyewe iko na vyuo vya juu, kati yao Université Notre Dame du Tanganyika. Mji uko pia na Centre de Recherche en Hydrobiologie, kituo cha uchunguzi wa ziwa. Anayebaki analala kwao na anakula sahani ya kwao. Hiyo peke yake ni nusu ya gharama iliyookolewa. Shida ni kwamba si kila fundisho linapatikana hapa.

Njia ya pili ni Bukavu. Kwa barabara ni zaidi ya kilomita 120, kupitia Kamanyola na milima ya Ngomo, ambako malori yanakwama wakati wa mvua. Wengi walizoea kupita Rwanda: wanavuka Kamanyola kwenda Bugarama, wanapanda mpaka Rusizi, kisha wanaingia Bukavu. Njia hiyo ni laini lakini inataka karatasi, na inategemea mipaka miwili.

Njia ya tatu ni Bujumbura, ambayo mtu wa Uvira anaiona usiku ikiwaka taa ng'ambo ya maji. Ni chini ya kilomita 30 kwa kupitia Kavimvira na Gatumba. Chuo cha serikali, Université du Burundi, kilianza mwaka 1964, na kuko vyuo vya binafsi kama Université Espoir d'Afrique na Université du Lac Tanganyika.

Njia ya nne ni mbali: Lubumbashi, Kinshasa, Kisangani. Kwenda Lubumbashi wengi wanapanda mashua Kalundu mpaka Kalemie, na kutoka pale ni barabara au treni. Safari inaweza kuchukua siku nyingi. Anayekwenda huko asihesabu kurudi nyumbani kwa Noeli.

Mfano wa mtu aliyevuka ziwa

Daktari Denis Mukwege, mzaliwa wa Bukavu wa mwaka 1955, udaktari aliusomea Burundi, akamaliza mwaka 1983. Kazi yake ya kwanza aliifanya katika hospitali ya Lemera, kwenye milima ya teritware yetu ya Uvira. Alikwenda Ufaransa, Angers, kusomea magonjwa ya wanawake, kisha akarudi Lemera. Vita vya mwaka 1996 viliharibu hospitali ile, wagonjwa na wauguzi wakauawa. Mwaka 1999 akaanzisha hospitali ya Panzi, na mwaka 2018 akapewa tuzo ya Nobeli ya amani. Si kila mwanafunzi atafika pale, lakini safari yake inaonyesha jambo moja la kawaida katika eneo letu: watu wa maziwa haya wamesoma ng'ambo ya mpaka tangu zamani, na elimu yao ikarudi ikatumika huku.

Hesabu ya kweli ya feza

Kosa linalorudi kila mwaka ni hili: mzazi anauliza bei ya masomo peke yake. Feza za iniversite ziko katika mafungu mengi, na fungu la masomo si lazima liwe kubwa kuliko mengine.

Kwanza ni feza za chuo. Vyuo vingi vinaziandika kwa dola, na anayelipa kwa franki anafuata kiwango cha siku ile. Franki ikianguka katikati ya mwaka, deni linapanda bila bei kubadilika. Zinalipwa kwa vipande, na mara nyingi asiyemaliza kipande chake haruhusiwi kuingia katika mitihani. Jambo hili si dogo. Mwezi wa kwanza mwaka 2020, wanafunzi wa UNIKIN waliandamana juu ya kupandishwa kwa feza hizo. Fujo ikatokea, watu wakafa, na serikali ikawaondoa wanafunzi wote katika nyumba za chuo. Waliotoka mbali walijikuta nje na magodoro kichwani.

Pili ni kujiandikisha: fotokopi za diploma na za biletini, picha, karatasi ya daktari, karatasi ya tabia njema, na mara nyingine mtihani wa kuingia. Kila karatasi iko na bei yake.

Tatu ni nyumba. Mwenye nyumba anataka garanti, yaani miezi kadhaa inayolipwa mbele kabla ya kupewa ufunguo. Hapo ndipo wengi wanashangaa.

Nne ni vitu vya masomo: silabusi za walimu, megabaiti za simu, kuchapa kazi. Mwaka wa mwisho unakuja na staji na kitabu cha kumaliza, ambacho kinaandikwa, kinachapwa, kinatetewa, na vyote vinalipiwa.

Tano ni tumbo, usafiri na ugonjwa. Fungu hili ndilo linalosahauliwa zaidi, na ndilo linalorudisha watoto nyumbani.

Njia nzuri ni kuandika mafungu yote matano katika karatasi, kwa mwezi na kwa mwaka, kisha kuzidisha kwa miaka ya masomo yote. Kama hesabu ya mwaka wa kwanza peke yake imemaliza shamba, mwaka wa pili utalipwa na nini?

Kulala wapi

Kuko nyumba za chuo, zile zinazoitwa «homu». Vyuo vikubwa vya zamani kama UNIKIN na UNILU viko nazo, lakini vitanda ni vichache kuliko wanafunzi. Chumba cha watu wawili kinaweza kulaza sita. Asiye na kitanda cha halali anaitwa «makizaa», kama mtu anayejificha porini: analala chini, anaamka mapema, anaweka nguo zake kwa rafiki. Kuko waliomaliza masomo yao yote namna hiyo.

Wengi wanapanga chumba watu wawili au watatu, hasa wale waliotoka kijiji kimoja au kanisa moja. Bukavu wanatafuta karibu na Karhale kwa wale wa UOB, au Panzi kwa wale wa UEA. Chumba cha karibu ni ghali lakini kinaokoa feza ya usafiri kila siku. Kabla ya kulipa garanti, ni vizuri kuangalia maji yanatoka siku ngapi kwa wiki, umeme unakuja saa ngapi, na mlima uko imara namna gani. Bukavu imejengwa juu ya vilima. Mvua kubwa inashusha udongo pamoja na nyumba. Na mapatano ya nyumba yaandikwe, hata kama mwenye nyumba ni mtu wa kwenu.

Namna ya tatu ni kukaa kwa ndugu: baba mdogo, shangazi, mjomba. Inaonekana ni bure. Lakini wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Msichana anaweza kujikuta analea watoto wa shangazi, anapika, anafua, na daftari anafungua saa tano ya usiku. Si ubaya wa shangazi, naye amezidiwa. Ndiyo maana wazazi wa pande mbili wanapaswa kuzungumza wazi mbele: mtoto atafanya kazi gani za nyumbani, saa gani ni za kusoma, na wa Uvira watatuma nini kila mwezi, hata kama ni gunia la unga wa muhogo na bidoni ya mawese.

Chakula na baridi

Mtu wa Uvira akifika Bukavu, kitu cha kwanza anachokiona ni baridi. Mji ule uko juu kuliko pwani ya Tanganyika kwa karibu mita 700. Blanketi na koti si mapambo. Kitu cha pili ni sahani. Mikeke na ndagala za kwao zinabadilika kuwa sambaza wa ziwa Kivu. Wachache wanajua kwamba sambaza huyo ni ndugu: alichukuliwa Tanganyika na kutiwa katika ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950.

Wanafunzi wengi wanakula mara moja kwa siku, jioni. Wanaoishi pamoja wanachanga unga, maharagi, sombe na makala, wanapika kwa zamu. Mfuko wa ndagala kavu unaotumwa na mama kwa dereva wa lori unafanya kazi kubwa kuliko unavyoonekana.

Lugha nayo inabadilika. Bukavu Kiswahili kinatosha, hata kama majirani wanaongea Mashi. Lubumbashi Kiswahili ni cha namna yao, sikio linazoea. Kinshasa bila Lingala sokoni ni taabu. Lakini ndani ya darasa, Bukavu kama Bujumbura, kila kitu ni Kifaransa, na mwalimu hangoji. Kijana aliyezoea kuandika masomo yanayosomwa ubaoni anakutana na auditwari ya mamia ya watu, spika inakwaruza, na waliofika saa kumi na moja asubuhi ndio wameshika viti vya mbele.

Masomo yenyewe: LMD ni nini

Baba na mama wengi bado wanahesabu kwa mtindo wa zamani: miaka mitatu ya gradua, miwili ya lisansi. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022, Kongo imeanza kuingia katika mpango wa LMD. Sasa lisansi ni miaka mitatu, masta ni miaka miwili juu yake, na udaktari wa falsafa unafuata. Burundi iko na mpango wa namna hiyo pia. Mwaka unagawanywa mara mbili, na kila somo liko na kredi zake. Mwaka mzima ni kredi 60, lisansi ni 180. Somo lililoanguka linabaki kama deni, na linafuata mwanafunzi mpaka alilipe. Mzazi akisikia «nimepita na madeni», ajue si deni la feza, lakini linaweza kuzaa la feza kama mwaka utarudiwa.

Mambo mawili yanasemwa kwa sauti ndogo. La kwanza ni «ubatizo» wa wanafunzi wapya, wanaoitwa «bule». Wakubwa wao wanawaimbisha, wanawatuma, mara nyingine wanawanyoa. Wengine wanaukumbuka kwa kicheko. Lakini kumpiga mtu, kumvua nguo au kumnyang'anya feza si mchezo, ni kosa.

La pili ni alama zinazouzwa, kwa feza au kwa mwili. Sheria ya Kongo ya mwaka 2006 juu ya ubakaji na jeuri ya kingono inaadhibu pia mtu mwenye mamlaka anayemsumbua mwingine kwa kumtaka mwili. Msichana anayeombwa hivyo asibaki peke yake na siri hiyo: aweke ujumbe wa simu, asiende kwa mwalimu nyumbani peke yake, amwambie mtu mkubwa anayemwamini. Na baba asianze kwa kuuliza alikuwa amevaa nini.

Mpaka, vita na maji

Mtu wa Uvira hawezi kupanga masomo bila kupanga barabara. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulifunga mpaka wa Burundi, na mwezi wa nne mwaka huo huo mto Mulongwe ulifurika, ukabeba nyumba na akiba za familia nyingi. Maji ya Ruzizi na ya ziwa yameingia Gatumba mara kadhaa, yakakata barabara ya Bujumbura.

Mwezi wa pili mwaka 2025 Bukavu ilianguka mikononi mwa AFC/M23. Mabenki ya Goma na Bukavu yakafungwa, na Uvira ikabaki upande mwingine wa mstari wa vita. Mwanafunzi aliyekuwa Bukavu hakujua arudi namna gani, na mzazi aliyekuwa Uvira hakujua atume feza namna gani isipokuwa kwa simu. Mwezi wa kumi na mbili mwaka huo vita vikafika Uvira yenyewe, maelfu ya watu wakakimbilia Burundi, na mpaka ukafungwa. Kuko wanafunzi walioacha mwaka katikati.

Haya yanafundisha mambo ya vitendo. Karatasi za asili, hasa diploma, zisibebwe ovyo: zifanyiwe fotokopi na kupigwa picha, na picha zihifadhiwe katika simu mbili tofauti. Mwanafunzi awe na feza kidogo ya dharura ambayo haiguswi, inayotosha kurudi nyumbani. Awe na nambari za watu wawili katika mji ule. Anayevuka kwenda Burundi aulizie hali ya mpaka siku ile ile, na asitegemee kipande cha kuvukia cha siku moja kwa masomo ya mwaka mzima. Anahitaji hati ya kusafiria na ruhusa ya kukaa. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika ya Mashariki mwaka 2022, lakini hiyo haijaondoa karatasi mpakani.

Kabla ya kuandika jina

Vyuo vya binafsi ni vingi, na si vyote vinavyotambuliwa na serikali. Mzazi iko na haki ya kuuliza: chuo kiko na ruhusa ya wizara? Fundisho hili hasa liko katika ruhusa hiyo? Waliomaliza mwaka jana wamepata diploma zao, au bado wanangojea? Jibu la swali hilo la mwisho ni bora kulitafuta kwa wanafunzi wenyewe kuliko ofisini.

Anayesoma inchi nyingine ajue kwamba, akirudi na diploma ya Burundi au ya Tanzania na kutaka kazi ya serikali au kuendelea na masomo Kongo, atahitaji karatasi ya usawa wa diploma kutoka wizara kule Kinshasa. Ni vizuri kuulizia karatasi hiyo mwanzo wa masomo, si mwisho.

Na kwa familia ambayo hesabu inakataa, kuko namna nyingine zisizo za aibu: kuanza lisansi Uvira na kwenda mji mkubwa kwa masta, kufanya kazi mwaka mmoja kwanza, kuchagua fundisho fupi la ufundi. Diploma ya serikali haiozi. Mtoto aliyengoja mwaka mmoja nyumbani, akaanza na feza za miaka miwili mkononi, iko na nafasi nzuri kuliko yule aliyepelekwa haraka na kurudishwa mwezi wa tatu, shamba limekwisha kuuzwa.